Nyumba ya makumbusho ya Mobutu, kwetu ingeanzia soko la Ntoto



Mtu akitaja nyumba ya makumbusho ya wakati wa Mobutu, wengi wetu tunafikiria Gbadolite, yale majumba yake yaliyobaki magofu. Kwetu Masisi na Walikale hakuna jumba la kuonyesha wageni. Iko soko.

Ntoto ni kwenye teritware ya Walikale. Tarehe 20 Machi 1993, wanamgambo Wahunde na Wanyanga walishambulia Wahutu waliokuja ku soko. Kesho yake, siku ya Mungu, waliua watu kule Buoye, wengine wakitoka kanisani. Kutoka hapo moto ukaingia Masisi. Wanamgambo Wahutu nao wakaua Wahunde, vijiji vikachomwa pande zote. Maelfu walikufa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka tarehe 1 Oktoba 2010, ile tunaita Mapping, inaanza kuhesabu mwezi ule wa Machi 1993. Inaanza kwetu, na kijana wa Goma anaweza kumaliza shule bila kusikia jina la Ntoto hata mara moja.

Mutaniuliza: udikteta uko wapi hapo? Panga zilishikwa na majirani. Ni kweli, na nyumba ya makumbusho isiyosema hivyo itakuwa ya uongo. Lakini tuangalie makaratasi. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walileta watu kutoka Rwanda, wengi wakawekwa Masisi. Mwaka 1972 Mobutu alisaini sheria ya kuwapa uraia waliokuwa Kivu mbele ya 1950. Mwaka 1981 akasaini ingine ya kuwanyanganya. Katikati, 1973, sheria ikasema udongo wote ni wa Leta. Mkulima aliyerithi shamba kwa babu yake hakuwa na karatasi. Mwenye kujuana na wakubwa alipata karatasi, na kilima kizima kikawa ferme ya ng'ombe. Ile seng'enge bado iko, mkipita mtaiona.

Halafu vyama vingi vikaruhusiwa, uchaguzi ukatajwa, na kila mwanasiasa akakimbilia kabila lake: nani ni raia, nani atapiga kura, nani mwenye udongo? Julai 1993 Mobutu mwenyewe alifika Goma, akatuma askari wake wa DSP kutuliza watu. Yeye aliyesaini sheria zote mbili njo alikuja kutuliza.

Kwa hiyo ningeweka zile sheria mbili ukutani, kando kwa kando. Kisha karatasi moja ya shamba na kipande cha seng'enge. Kisha majina ya wafu, na hapo njo kuko shida. Nilishaona mikutano mingi ambapo mtu anasimama na orodha ya wafu wa kabila lake peke yake; akikaa, mwingine anatoa ya kwake. Orodha ya namna ile ni silaha. Kama hatuwezi kuandika majina yote ku ukuta mmoja, afazali tusijenge kitu.

Wengine wananiambia si wakati, bunduki zingali zinalia, watu wanahitaji unga. Nakubali. Matofali yangoje. Lakini aliyekuwa na miaka 30 siku ile ya soko, leo amepita 60, na wengi wamekimbia tena. Wazee hawatangoja. Kampala, mwaka 2019, makumbusho ya taifa yalionyesha picha za wakati wa Idi Amin. Zilipigwa na wapiga picha wa serikali yake, kwa hiyo waliouawa karibu hawaonekani. Sisi tukingoja picha za Leta tutapata zile zile: Mzee na kofia yake ya chui, watu wanacheza.

Simu tunazo. Rekodi mzee wako, halafu tafuta mzee wa upande ule mwingine, umusikilize mpaka mwisho bila kumukata. Omba ruhusa kwanza. Na tafazali, usiweke sauti wala jina lake ku Facebook au WhatsApp: kuna wanaoweza kuuawa juu ya neno moja.

Nani hapa ana mtu aliyekuwa Ntoto, Buoye ama Masisi mwaka ule? Abakie kidogo nyuma ya mkutano, tuongee.