Kupanda Milima kwa Baiskeli: Chagua Njia Kabla ya Kuondoka

Leo tunazungumza na waendesha baiskeli wanaopenda milima: utaipataje njia nzuri huko vijijini?

Anza na ramani yenye mistari ya kontua. Mistari ikisongamana, mlima ni mkali. Ikiachana, ni mteremko wa wastani. Kisha piga hesabu. Tuchukue barabara ya Mombo hadi Lushoto, Milima ya Usambara, mkoani Tanga. Ni lami ya takriban kilomita 33, inayopanda kama mita 1,000 kupitia Soni. Maana yake, kila kilomita unapanda wastani wa mita 30. Lakini wastani huficha mengi: kuna vipande vikali zaidi na kona za ghafla.

Ramani haisemi yote. Waulize bodaboda na madereva wa malori ya mboga: wapi kuna mashimo, wapi udongo huporomoka wakati wa masika, saa ngapi magari ni mengi.

Kushuka ndiko kwenye hatari. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Tumia breki zote mbili, ukibana na kuachia, kwani breki iliyobanwa muda mrefu hupata moto na kupoteza nguvu.

Beba maji, pampu na viraka. Vaa kofia ngumu, kaa kushoto, na mwambie mtu njia unayopita. Usiondoke kabla hujakagua breki zako.