NANI ANAMPA POLE MWANDISHI?

(Hotuba kwa makatibu wa vikundi vya kujisaidia)



Leo sisemi juu ya mizinga wala mbuzi wa maziwa. Nataka tumfikirie mtu anayeandika habari za kiangazi na mafuriko. Moyo wake unakaaje?

Kuna watunzi wa riwaya ambao kazi yao ni hiyo. Huko Marekani, Jenny Offill alitoa riwaya yake Weather mwaka 2020. Ni hadithi ya mama wa maktaba anayejibu barua za watu wenye hofu juu ya mabadiliko ya hali ya hewa. Anajibu na kujibu, mpaka hofu yao inamwingia. Mtunzi wa namna hii anakaa na msiba miaka mingi. Akisema yote, anaogopa kuvunja watu moyo. Akipunguza, dhamiri inamsuta.

Naye Glenn Albrecht wa Australia aliwasikiliza watu wa bonde la Hunter, ambako migodi ya makaa ya mawe na kiangazi viliharibu nchi yao. Hawakuhama, lakini walikuwa na uchungu kama wa mtu aliye mbali na kwao. Uchungu huo akauita solastaljia.

Si mambo ya ng'ambo tu. Mnakumbuka kuanzia 2020 hadi 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu zetu kame. Katibu wa kikundi kimoja aliandika ng'ombe waliokufa, boma kwa boma. Daftari lilipojaa, akaacha kuja mikutanoni. Tukasema ati ni mvivu, hata mimi nilisema. Nilipomtembelea akaniambia, "Mwalimu, nikishika kalamu naona wale ng'ombe."

Niliona haya. Kwa hivyo nawaomba:

1. Katibu asibebe daftari peke yake. Wawe wawili, wapokezane.

2. Akimaliza kusoma ripoti ya hasara, muulizeni habari zake kabla ya kuendelea na ajenda.

3. Kando ya hasara andikeni pia kazi iliyofanyika: kisima kilichochimbwa, miche iliyoshika. Huko si kuficha, ni kusema ukweli mzima.

4. Asiyepata usingizi wala hamu ya chakula asindikizwe zahanati, asichekwe.

Yule katibu alirudi. Siku hizi daftari lao lina miandiko miwili.