Vumbi Chini ya Herufi

Leo nataka tuzungumze juu ya uchafu, ule unaokaa chini ya vitufe vya kompyuta ya kupakata. Msicheke. Uchafu huo umenitia aibu mbele ya wafiwa.

Kompyuta ya ofisi yetu ya kanisa hukaa karibu na dirisha, na nje hupita barabara ya vumbi. Karani wetu ndiye huitumia kuchapa matangazo, vyeti na barua. Miezi michache iliyopita alichapa programu ya mazishi ya mama mmoja mkongwe wa ushirika wetu. Nakala 200 zilikuwa zimekwisha kugawiwa ndipo kijana wa marehemu aliponionyesha jina la mamake: herufi R haikuwapo. Hakusema neno. Niliporudi ofisini nilimkemea karani mbele ya wazee watatu wa kanisa, nikamwita mzembe.

Akanijibu taratibu, "Mchungaji, kitufe cha R hakishuki vizuri. Nilikueleza wiki iliyopita."

Jioni ile nikajifungia nikaikagua. Chini ya kila kitufe cha kompyuta nyingi za aina hii kuna vipande viwili vya plastiki vilivyopishana kama mkasi, na kikombe kidogo cha mpira. Ukibonyeza, mpira hukandamiza karatasi nyembamba za plastiki zenye mistari ya kupitisha umeme; mistari ikigusana, herufi hutokea. Kitufe hushuka milimita moja au mbili tu, kwa hiyo punje ya mchanga yatosha kukizuia. Hata kampuni ya Apple ya Marekani ilipotoa mwaka 2015 kompyuta yenye vitufe vinavyoshuka kidogo zaidi, vumbi liliviharibu vingi. Mwaka 2018 ikatangaza kuvitengeneza bila malipo, na mwaka 2019 ikaanza kurudia muundo wa mkasi.

Basi nikaizima kabisa, si kuifunika tu, nikachomoa waya wa umeme. Nikaiinamisha juu ya gazeti, vitufe vikitazama chini, nikaipigapiga mgongoni polepole. Ndugu zangu, yaliyoanguka! Vumbi jekundu, nywele, na makombo. Nikapitisha brashi mpya laini ya rangi katikati ya safu za vitufe. Sikupuliza kwa mdomo, maana pumzi huingiza mate. Wala sikukibandua kitufe, kwa kuwa vishikizo vyake huvunjika upesi. Ukoko wa vidole niliuondoa kwa kitambaa laini kilichotiwa kidogo alkoholi ya isopropili ya asilimia 70. Alkoholi hutiwa kwenye kitambaa, kamwe si juu ya vitufe. Wako wanaotumia kitambaa kinachodondoka maji na sabuni. Hao na waweke akiba ya kununua kompyuta nyingine.

R ilikuwa imegandwa na kitu cha kunata. Nikaizungushia kijiti chenye pamba na alkoholi ile mara tatu, kisha nikaiacha kompyuta wazi ikauke mpaka asubuhi.

Makombo yale niliyatambua. Yalikuwa ya mandazi, na kile kilichonata kilikuwa chai ya sukari. Karani wetu hali kitu mezani pale. Chai yake huinywa barazani. Anayeketi hapo usiku wa Jumamosi akiandaa mahubiri, kikombe mkononi, ni mimi.

Asubuhi R ikashuka na kupanda kama wenzake. Nikawaita wazee wale, wote watatu kwa kuwa wote walisikia, nikawaambia mbele ya karani makombo yalikuwa ya nani, nikamwomba radhi. Akasema, "Asante, Mchungaji," akaendelea kuchapa.

Kisha nikaenda kwa wafiwa na programu mpya, jina likiwa kamili. Kijana yule aliipokea kwa mikono miwili. Zile 200 zimo nyumbani mwa watu mpaka leo.