KUANGALIA TANGAZO LA MWENZIO KABLA YA KULIPIA LAKO
Mazungumzo ya Katibu wa Kamati ya Masoko katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi



Nimepewa dakika kumi nizungumzie matangazo ya washindani wetu katika mitandao ya kijamii. Nimefurahi, maana jambo hili litakuja mezani katika kikao cha mwezi ujao. Batiki zetu zimejaa stoo. Wako wanaosema tutoe fedha katika mfuko wa maendeleo tulipie matangazo Facebook na Instagram. Wengine wanasema hizo ni hisa za watu, zisitupwe hewani. Mimi naomba pande zote mbili zingoje kidogo, tuangalie kwanza wenzetu wanafanyaje.

Hili si geni kwetu. Mama muuza nyanya hapangi mafungu mpaka azunguke soko aone wenzake wamepanga ngapi ngapi na kwa bei gani. Hakuna anayemwita mwizi. Mtandaoni nako pana mahali pa kuzunguka. Kampuni yenye Facebook na Instagram, ambayo siku hizi huitwa Meta, tangu mwaka 2019 imeweka wazi maktaba ya matangazo, iitwayo Ad Library. Humo mtu yeyote huona matangazo ya kulipiwa yanayoendelea kutoka. Hulipi kitu. Unachagua nchi, unaandika jina la duka au neno kama "batiki", yanajipanga mbele yako.

Ukishayaona, usikimbilie uzuri wa picha. Tazama tarehe. Kila tangazo limeandikwa siku lilipoanza. La juzi halikuambii kitu, huenda mwenyewe bado anajaribu. Lakini lililoanza miezi mitatu nyuma na bado linatoka, jiulize: nani anaendelea kutoa hela kwa kitu kisichomrudishia? (Wapo, ila aghalabu hela si zao.) Hilo ndilo la kulikalia kitako. Limeanza na maneno gani? Bei imetajwa au imefichwa? Kitambaa kimelazwa mezani au kimevaliwa na mtu? Mteja akibonyeza anapelekwa wapi, dukani au WhatsApp? Na ukikuta tangazo lile lile limetolewa kwa sura mbili tatu, ujue mwenzio anapima ipi inavuta.

Maktaba hiyo haisemi yote. Kwa matangazo ya biashara huku kwetu haionyeshi mtu ametumia shilingi ngapi, wala ameuza vitambaa vingapi. Kwa hiyo ongezeni macho kwenye kurasa zao, pale chini ya picha wanapoandika wateja. Zile alama za kupenda zisiwababaishe, zinanunuliwa. Someni maswali. "Mnatuma mikoani?" "Inachuja rangi?" Swali ambalo mwenye duka hakulijibu ndilo liwe mstari wa kwanza wa tangazo letu. Batiki yetu haichuji, na hakuna mahali tulipowahi kulisema hilo!

Kunakili picha ya mtu ni jambo jingine. Picha ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Fikra tuchukue, picha tupige wenyewe.

Hata tukianza kulipia, tuanze na matangazo mawili madogo ya fedha sawa, yatofautiane kitu kimoja tu, tuone lipi linaleta watu. Kila mteja aulizwe ametuona wapi, iandikwe. Tuseme tumelipia shilingi 20,000, wakanunua wateja wanne, kila mmoja kitambaa kimoja. Kila mteja ametugharimu 5,000. Kama faida ya kitambaa ni 4,000, hapo tumeuza kwa vigelegele na tumepata hasara.

Ombi la kamati ni hili. Wenye simu za kisasa wagawane maduka, kila mmoja aangalie mawili kila Jumamosi kwa wiki nne, aandike tangazo lipi limeendelea, lipi limeondolewa, na wateja wanauliza nini. Asiye na simu ya namna hiyo akae na mwenye nayo, kwani kuchagua nguo nzuri hakuna asiyejua hapa. Madaftari ninayo, mnaweza kuyachukua baada ya chakula.