Serotonini Kati ya Wasiwasi na Papara



Aliyepanga mada hii nadhani alijua anatutega. Mwenye wasiwasi hanyanyui mguu mpaka apime mara kumi. Mwenye papara ameshavuka barabara kabla hujamwita. Inakuwaje wote wawili tuwahusishe na kemikali moja? Jibu la mitaani, kwamba serotonini ni "homoni ya furaha" na ikipungua ndipo mambo yanapoharibika, halitufikishi mbali.

Walioigundua hawakuwa wakitafuta furaha. Vittorio Erspamer wa Italia aliikuta kwenye utumbo katika miaka ya 1930. Mwaka 1948, Rapport, Green na Page wa Cleveland, Marekani, waliipata kwenye majimaji ya damu ikiibana mishipa, wakaipa jina tunalolitumia. Ni mwaka 1953 tu ambapo Betty Twarog na Page walitangaza kwamba imo pia ubongoni. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili imo tumboni, na hiyo haivuki kuingia ubongoni. Hata ndizi mbivu ina serotonini, lakini anayeila ili kutuliza ubongo atashiba tu. Ubongo hujitengenezea yake kutokana na triptofani, tunayoipata kwenye maharage, mayai na samaki. Chembe zinazofanya kazi hiyo ni laki chache tu, zimejikusanya kwenye shina la ubongo, mahali paitwapo rafe, lakini nyuzi zake zimetambaa karibu kila pembe.

Nianze na papara. Mwaka 1976 Marie Åsberg wa Uswidi alipima, kwenye maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa sonona, mabaki ya serotonini iliyokwisha kutumika. Waliokuwa na mabaki kidogo ndio waliojaribu kujiua mara nyingi zaidi, tena kwa njia za kikatili. Mwaka 1983 Markku Linnoila na wenzake walipima wahalifu wa Ufini waliofanya ukatili: waliokurupuka walikuwa na mabaki kidogo kuliko waliopanga uhalifu wao. Hapo wengi wakahitimisha kwamba serotonini ikiwa kidogo, breki hakuna.

Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mwaka 1993 Han Brunner wa Uholanzi aliieleza familia ambayo baadhi ya wanaume wake walikuwa na hasira za ghafla, hata kuchoma nyumba moto. Walikuwa na hitilafu kwenye jeni ya kimeng'enya kinachovunjavunja serotonini na kemikali nyingine za jamii hiyo. Kwa hesabu ya "ikipungua", watu hao, ambao serotonini yao haikuvunjwa ipasavyo, wangepaswa kuwa wapole.

Mimi namfuata Philippe Soubrié, Mfaransa aliyependekeza mwaka 1986 kwamba kazi ya serotonini ni kumwezesha kiumbe kujizuia na kungoja. Mwaka 2014 watafiti wa Okinawa, Japani, waliziamsha kwa mwanga chembe za rafe za panya waliokuwa wakingojea chakula. Panya hao wakavumilia kungoja muda mrefu zaidi kuliko kawaida yao.

Sasa mgeukie mwenye wasiwasi: kwake kujizuia kumepita kiasi. Deakin wa Uingereza na Graeff wa Brazili walipendekeza mwaka 1991 kwamba serotonini ikifika sehemu ya ubongo iitwayo amigdala huchochea hofu ya jambo linalokuja, ilhali ikifika eneo la kijivu katikati ya shina la ubongo hutuliza kiherehere cha hatari iliyokwisha kufika. Kemikali ni ileile. Njia ndizo mbili. Isitoshe, vipokezi vyake ni vya aina 14, na kila kimoja kina tabia yake. Kumwambia mgonjwa kwamba "serotonini yako imeshuka" ni kumpa jibu ambalo hakuna kipimo chetu cha zahanati kinachoweza kulithibitisha.

Ninalotaka tubishane zaidi ni dawa. Fluoxetine, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, huzuia serotonini isirudishwe haraka ndani ya chembe iliyoitoa. Kazi hiyo huanza siku ileile, lakini nafuu huchukua wiki kadhaa. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba chembe za rafe zina vipokezi vya kujisikiliza zenyewe: zikihisi serotonini imejaa, hupunguza kasi, na huchukua wiki kadhaa vipokezi hivyo vipoe. Wakati huo mgonjwa wa wasiwasi anaweza kutetemeka, kukosa usingizi na kuwa na hofu kuliko alivyokuja, na hizo ndizo siku anazoitupa dawa. Kwa kijana, ndizo pia siku za kuangaliwa kwa karibu asije akajidhuru. Tuanze na dozi ndogo. Tumwulize kama anatumia dawa ya maumivu ya tramadol, kwa kuwa mchanganyiko huo unaweza kuijaza serotonini hadi kuleta homa, mitetemo na kuchanganyikiwa. Na anayemsindikiza, awe mama au shemeji, tumwite ndani tumweleze kuhusu wiki hizo za kwanza kabla hawajaondoka na kikaratasi cha dawa.