Jani Jekundu la Kakao



Kila mwezi wa kumi, ndugu zetu waliohamia Kanada hututumia picha kwa simu. Milima imejaa majani mekundu na ya manjano, na watu wamesimama chini ya miti wakifurahi. Kule, siku zikifupika na baridi ikikaribia, mti huacha kutengeneza rangi ya kijani. Rangi zingine huonekana, kisha jani huanguka. Ni uzuri wa kuaga. Nabii Isaya, sura ya 64 mstari wa 6, anatukumbusha kwamba sisi sote tunanyauka kama jani, na makosa yetu yanatupeperusha.

Lakini kwetu Ituri Mungu ametupa somo lingine. Tuangalie kakao shambani. Jani lake jekundu halifi, linazaliwa. Linatoka laini, limeinama, halafu pole pole linakuwa gumu na kijani. Mwembe nao ni vile vile. Mkulima akiona wekundu ule hasemi, "Mti wangu umekwisha." Anasema, "Unachipuka."

Wapendwa, tunajua pia wekundu mwingine. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, hapa Komanda, ndugu zetu Wakatoliki waliuawa wakiwa katika mkesha wa maombi. Tulilia pamoja nao. Hatutawaambia wafiwa kwamba damu ile ni mapambo. Damu ni damu, na Mungu ataiuliza.

Ila tusiseme kwamba mti umekwisha. Watoto waliobaki, na wale waliokimbia vijiji vyao wakaja kulala kwetu, ndio majani machanga. Na mkulima wa kakao anajua kazi yake: mche mchanga hauachwi kwenye jua kali. Tunapanda migomba kando yake ili upate kivuli. Mgomba hauulizi mche huu umetoka shamba la nani.

Hapo sisi kanisa tumekosa. Siku ya kwanza tuliwapa watoto hawa unga na blanketi. Baada ya mwezi tukaanza kuwaita "watoto wa wakimbizi," na kuwatuma maji wakati wetu wanakwenda shule. Isaya 42:3 inatuonyesha Mtumishi wa Bwana asiyevunja mwanzi uliopondeka. Sisi je, tunavunja?

Juma hili, kila nyumba iangalie mtoto mmoja asiye wake. Tumjue jina. Tuulize kama ana daftari. Akiamka usiku akilia, tusimfokee; tukae naye mpaka alale.

Ee Bwana, utusamehe. Utufanye migomba ya kivuli mpaka majani haya yakomae. Kwa jina la Yesu, amina.