MSITU UKIISHA, MKAA NAO UMEKWISHA

(Maneno ya kamati mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tueleze hii habari ya hewa ukaa inayosemwa kila siku redioni. Si ngumu. Tukichoma miti, hewa ukaa inapanda na kuifunika dunia kama blanketi, joto linazidi. Miti ikikua inaivuta hewa ile na kuihifadhi. Nchi ikitoa hewa ukaa isiyozidi ile inayovutwa, hesabu yake imekaa sawa.

Ni kweli, waliochafua zaidi ni nchi tajiri. Afrika nzima tunatoa kama sehemu 4 tu katika kila 100. Ndiyo maana Mkataba wa Paris wa 2015 unazitaka nchi hizo zitangulie, tena zitusaidie. Lakini nasi tumeahidi. Mwaka 2024 serikali yetu ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia: ifikapo 2034, Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanaitumia.

Sasa tuseme ya kwetu. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe, na ile ya Ruvu inayofika Kibaha, imeliwa na shoka kwa sababu Dar es Salaam iko jirani na inataka mkaa. Nani kakata? Tusitazamane. Wengi wetu humu tumelipa ada za watoto kwa magunia ya mkaa. Tanuri la udongo linameza rundo la magogo, linatoa magunia machache. Kingine chote moshi. Dalali anapata, mwenye gari anapata, sisi tunabaki na kikohozi.

Hatuji kumwambia mtu aache mkaa leo, alale njaa. Tunapendekeza hivi:

1. Msitu wa hifadhi usiguswe. Anayechoma awe na kibali, magogo yakauke kwanza, na visiki viachwe vichipue.

2. Mfuko wetu uwakopeshe kwanza wachoma mkaa: mizinga ya nyuki na miche ya mikorosho.

3. Akina mama waanze upatu wa mitungi ya gesi.

Kura tutapiga mkutano ujao. Anayepinga aje aseme, hasa anayeishi kwa mkaa. Bila yeye, haya yatabaki maneno ya ukutani.